Siku tano za mafunzo ya kusimamia ruzuku, Lubumbashi: nililipa dola 120, nasema nilichokiona

Mwaka juzi kamati yetu ya maji, huku Ruashi, Lubumbashi, nchini Kongo, ilirudisha dola 2,300 kwa shirika lililotupa ruzuku. Pesa hizo hazikuibwa na mtu. Zilikuwa benki, zote, na fundi wa mabomba alikuwa ameshakubali kazi. Alikubali kwa mdomo, chini ya mwembe wa nyumbani kwa mwenyekiti, mbele ya watu sita. Tarehe ya mwisho ilipofika mkaguzi aliomba kuona mkataba, mimi nikamwonyesha wale watu sita. Akafunga faili. Mimi ndiye mweka hazina, mimi ndiye niliyeandika barua ya kurudisha pesa, na avenyu mbili za chini bado zinachota maji mbali.

Kwa hiyo mtu asishangae kwamba nililipa dola 120 za mfukoni mwangu kwenda kukaa darasani siku tano nikiwa na miaka 51.

Tangazo nililiona kwenye kikundi cha WhatsApp cha parokia. Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, chakula cha mchana ndani, cheti mwishoni. Somo lilikuwa jinsi serikali za miji ya Marekani zilivyosimamia ruzuku za serikali kuu za kufufua maisha baada ya Korona. Mdogo wangu aliposoma akaniuliza, "Yaya, miji ya Marekani na kisima chetu vinakutana wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa sababu ya mstari mmoja mdogo chini kabisa ya tangazo, uliosema tutajifunza namna ya kuiwahi tarehe ya mwisho.

Jina la kituo siliandiki. Nina mambo mawili ya kuwalaumu, nimewapelekea barua, na ni haki yao wajibu kwanza. Nieleze tu kwamba ukumbi uko mjini, ghorofani, kwenye barabara yenye mijakaranda. Ulikuwa mwezi wa saba, na anayeijua Lubumbashi anaijua baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba; tulikaa na makoti mpaka saa nne. Tulikuwa watu 23. Walikuwapo wafanyakazi wanne wa ofisi za komini (serikali ndogo za ndani ya mji), walimu, mhasibu wa ushirika wa wasaga mahindi, na mama wawili kutoka Katuba wanaoshika pesa za chama cha wauza mboga. Mkufunzi ni muzee wa hapa hapa, mzaliwa wa Kamalondo, aliyefanya hesabu miaka mingi katika ofisi ya mji mmoja wa jimbo la Ohio kabla ya kurudi nyumbani. Karatasi zake ni za Kifaransa. Mdomo wake ni wa Kiswahili, Kiswahili chetu cha huku, na alipotaka tuelewe jambo aliacha karatasi mezani akaja kusimama kati yetu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya sheria yenyewe. Tarehe 11 Machi 2021 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kuinua uchumi yenye thamani ya dola trilioni 1.9. Ndani yake bilioni 350 zilitengwa kwa ajili ya majimbo, kaunti, miji, visiwa na maeneo mengine yaliyo chini ya Marekani, na mataifa ya wenyeji asilia. Miji mikubwa ilipata zaidi ya bilioni 45 moja kwa moja kutoka hazina ya serikali kuu. Midogo, ambayo kwa kawaida ina wakazi chini ya 50,000, iligawiwa zaidi ya bilioni 19 kwa kupitia majimbo yao. Kwa miji mingi pesa ilikuja mara mbili, nusu kuanzia mwezi wa tano 2021 na nusu baada ya mwaka. Detroit ilipewa kama milioni 826. Muzee alitusimamisha hapo ili tuitafakari Detroit, maana ni mji ulioomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi wa saba 2013, ukashindwa kulipa wadai wake, na miaka minane baadaye ukawekewa mkononi pesa ya namna hiyo.

Ila mimi nilichokiandika kwa wino mwekundu siku hiyo hakikuwa cha Detroit. Kilikuwa cha miji midogo. Mji mdogo haukuruhusiwa kupokea zaidi ya asilimia 75 ya bajeti yake, ile iliyokuwa ikitumika tarehe 27 Januari 2020, kabla ugonjwa haujavuruga mambo. Niliangalia kwenye daftari langu. Kamati yetu inaingiza kama dola 3,000 kwa mwaka kwa kuuza maji kwa bidoni. Ruzuku tuliyopewa ilikuwa 18,400. Hakuna mtu aliyetuuliza kama mabega yetu yanatosha mzigo huo, na sisi wenyewe hatukujiuliza, tulipiga makofi.

Siku ya pili ndipo mafunzo yalipoanza kuwa na ladha. Kuna milango minne, alisema, na kila dola lazima ionyeshe imepita mlango gani. Wa kwanza ni afya na maumivu ya kiuchumi yaliyoletwa na ugonjwa: chanjo, chakula, kodi za nyumba, biashara ndogo zilizofungwa. Wa pili ni nyongeza ya malipo kwa waliofanya kazi za lazima wakati wengine wamejifungia. Wa tatu ni kufidia mapato ambayo mji uliyakosa. Wa nne ni maji safi, maji machafu na intaneti. Mwishoni mwa 2022 Bunge lao liliongeza nafasi nyingine, zikiwemo misaada ya majanga ya asili na kazi za barabara. Na kuna vilivyokatazwa waziwazi: kuijaza mifuko ya pensheni, kulipa madeni ya zamani, kuweka akiba ya serikali, kulipa hukumu za mahakamani.

Akatupa zoezi. Mji wa kubuni, wakazi 80,000, ruzuku dola milioni 14. Juu ya meza bahasha yenye karatasi 12, kila karatasi ombi la mtu. Mkuu wa zimamoto anataka gari. Idara ya maji inataka kung'oa mabomba ya madini ya risasi. Chama cha wastaafu kinataka pensheni ijazwe. Wakili wa mji anataka kulipa kesi uliyoshindwa. Mwenye saluni amefunga miezi mitano. Kundi letu lilikuwa mimi, mama wawili wa Katuba, mhasibu wa ushirika na kijana wa ofisi ya komini moja. Pensheni na kesi tuliziweka kando bila ubishi. Mabomba yalipita mlango wa nne, saluni wa kwanza. Tuligongana kwenye gari la zimamoto.

Kijana alikuwa amesoma kanuni vizuri. Kanuni ya mwisho ya hazina yao, iliyotolewa Januari 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Aprili, ilimruhusu kila mpokeaji kuhesabu hadi dola milioni 10 kama mapato yaliyopotea, bila kulazimika kuthibitisha kwa hesabu kwamba alipoteza kiasi hicho. Na pesa inayopita mlango huo inaweza kutumika kwa karibu kazi yoyote ya kawaida ya serikali ya mji, gari la zimamoto likiwemo. Kijana akasema, tupitishe milioni 10 zote hapo, tubaki na milioni 4 za kuhangaika nazo. Kwa sheria alikuwa na haki, na miji mingi kweli ilifanya hivyo, hasa midogo, maana taarifa zake ni nyepesi.

Mmoja wa wale mama wa Katuba alikuwa kimya tangu asubuhi. Kifaransa cha karatasi kilikuwa kinampita, mimi nikimtafsiria pembeni. Akauliza, "Sasa mutu wa avenyu atajua namna gani hii pesa ilimufanyia nini?"

Muzee alisikia kutoka meza ya pili, akaja, akamwomba arudie kwa sauti darasa zima lisikie. Kisha tulibishana karibu saa nzima, na ndiyo saa bora ya wiki hiyo. Mlango mwepesi unamsaidia mhasibu wa mji mdogo ambaye yuko peke yake ofisini, na bila mlango huo pesa ingelala. Lakini mlango mwepesi unamwacha mkazi na sentensi moja: ilitumika kwa huduma za serikali. Muzee mwenyewe alikuwa upande wa wepesi, kwa sababu alikaa kwenye kile kiti na anajua usiku wa kuandaa taarifa ulivyo mrefu. Mimi niko upande wa mama. Nimeuza maji miaka tisa, na najua watu hawagombani juu ya bei ya bidoni wakishaona kwenye karatasi ukutani kwamba pesa ya mwezi jana ilinunua pampu. Wanagombana pale ukuta unapokuwa mtupu.

Halafu siku ya tatu.

Sheria ile ina tarehe mbili, na Muzee aliziandika ubaoni kubwa kabisa. Tarehe 31 Desemba 2024 pesa yote iwe imefungwa. Tarehe 31 Desemba 2026 iwe imelipwa. Alitumia neno hilo, kufunga, kama mtu anavyofunga mbuzi kwa kamba ili asiende kwa jirani. Pesa imefungwa pale kunapokuwa na kitu kinachokulazimisha kulipa: mkataba uliotiwa saini, oda ya mali iliyokwisha kutolewa kwa muuzaji. Baraza la mji likipiga kura, pesa bado haijafungwa. Bajeti ikipitishwa na kuchapishwa, bado. Meya akitangaza kwenye redio, bado kabisa. Ambayo haikufungwa kwa tarehe ya kwanza inarudi kwa serikali kuu, na iliyofungwa ikabaki bila kulipwa kwa tarehe ya pili nayo inarudi.

Walio somea hesabu za Serikali yetu wanajua kwamba nasi tuna hatua zetu nne: kuifunga pesa, kuhakiki deni, kuandika amri ya kulipa, kisha kulipa. Kijana wa komini alizitaja bila kusita. Lakini mimi sikupita shule hiyo, na kwenye daftari langu kulikuwa na safu mbili tu, ya kuingia na ya kutoka. Kati ya hizo mbili nilikuwa naweka kila kitu kichwani.

Nikanyosha mkono nikasimulia ya mwembe.

Muzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, ile siku fundi alikubali, ulikuwa na biki?"

"Nilikuwa nayo."

"Na karatasi?"

"Daftari la kamati lilikuwa kwenye mapaja yangu, Muzee."

Hakuniongezea neno. Aliwageukia wote, akasema tutoe kila mtu ukurasa mmoja, tuandike mkataba wa kazi tunayoijua sisi wenyewe, usizidi nusu ukurasa. Tuliandika dakika 40. Jina la fundi na mahali anapokaa. Kazi gani, kutoka wapi hadi wapi, mita ngapi. Bei, na italipwa kwa mara ngapi. Siku ya kuanza, siku ya kumaliza. Atakayevunja afanyweje. Saini mbili, mashahidi wawili, na tarehe iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana tarakimu moja inaweza kuongezwa mkia. Alisahihisha zote 23, moja moja, akiwa amesimama, na chakula cha mchana kikapoa. Wangu aliukatia sehemu moja: nilikuwa nimeandika kwamba fundi ataanza "pesa ikiwa tayari". Alisema maneno hayo yanaifungua tena kamba niliyotoka kuifunga.

Alitueleza pia kwamba chini ya kanuni za ile ruzuku, mkandarasi akishindwa kazi baada ya tarehe ya kwanza kupita, zipo hali ambapo mji unaweza kumweka mwingine mahali pake na pesa isipotee, kwa sababu mkataba wa kwanza ulikwisha kusainiwa kwa wakati. Niliposikia hivyo ilibidi nitoke nje kidogo nikasimame kwenye ngazi. Nusu ukurasa. Dola 2,300 na avenyu mbili, nusu ukurasa.

Siku ya nne ilinirudishia moyo, kwa sababu ilinionyesha kwamba kosa la mwembe halikuwa langu peke yangu. Somo lilikuwa watu watatu ambao mji unaweza kuwapa pesa, na kwa nini usiwachanganye. Muzee aliwaeleza kwa mikate. Yuko mama anayechoma mikate na kuuzia mji: huyo ni muuzaji, unamlipa bei yake, shughuli imekwisha. Iko parokia inayoendesha jiko la kulisha wenye njaa kwa niaba ya mji, inachagua nani ale, inatunza orodha: hiyo ni mpokeaji wa pili, inafanya kazi ya mji kwa pesa ya mji, na sheria zote za pesa hiyo zinaifuata mpaka jikoni. Na yuko mtoto anayekula mkate: huyo ni mnufaika, hatakiwi kuleta risiti.

Kwa mpokeaji wa pili, mji una wajibu ambao hauwezi kuukwepa. Kabla ya kutoa pesa lazima upime hatari: hawa watu wameshawahi kushika ruzuku? Wana mhasibu? Mwaka jana wakaguzi walikuta nini? Makubaliano yaandikwe, yakitaja kiasi, muda na taarifa zinazotakiwa. Kisha ufuatilie, na yule mwenye uzoefu mdogo umfuatilie zaidi. Mpokeaji wa pili akikosea, serikali kuu haimwendei yeye kwanza, inauendea mji.

Niliandika haya yote, kisha nikaandika pembeni: sisi tulikuwa wapokeaji wa pili. Shirika lile lilitupa bahasha ya masharti ya kurasa 31 kwa Kifaransa, likarudi baada ya miezi 14 na mkaguzi. Katikati hakuna aliyekuja kuliangalia daftari langu lenye safu mbili. Nilimkasirikia mkaguzi mwaka mzima. Swali lake lilikuwa swali la haki. Ambaye hakutenda haki ni yule aliyetuma pesa bila kututumia kwanza mtu wa kutuonyesha nusu ukurasa.

Sasa lawama, na hizi nimezisema kwenye barua.

Siku ya tano tulikuwa tumeahidiwa kompyuta. Kule Marekani kila mji wenye wakazi zaidi ya 250,000 ulitakiwa kutoa kila mwaka, mwisho wa mwezi wa saba, taarifa ya mpango wake wa ruzuku hiyo na kuiweka wazi kwenye tovuti yake, mtu yeyote aisome. Zaidi ya hapo, miji hiyo inapeleka hesabu za miradi kila baada ya miezi mitatu, na hata mdogo uliopata zaidi ya milioni 10, kama ule wetu wa kubuni, unafanya hivyo hivyo. Iliyobaki inapeleka mara moja kwa mwaka. Tulikuwa tukae wawili wawili tusome taarifa ya Detroit na ya Cleveland, mradi kwa mradi. Umeme ulikatika saa mbili na nusu, haukurudi. Jenereta ya kituo haikuwa na mafuta. Tulipewa kurasa sita za fotokopi, zenye majedwali yaliyofifia mpaka tarakimu hazisomeki. Watu 23 wamelipa dola 120 kila mmoja. Kituo kinachofundisha kupanga matumizi kingeweka bidoni moja ya mafuta.

Asubuhi hiyo tuliokoa mambo machache tu kwa mdomo: kwamba kumbukumbu zote za ile ruzuku zitunzwe miaka mitano tangu pesa iishe, na kwamba mpokeaji anayetumia dola 750,000 za serikali kuu kwa mwaka lazima akaguliwe na mkaguzi huru, kiwango kilichopandishwa kuwa 1,000,000 kwa miaka ya fedha inayoanza tarehe 1 Oktoba 2024 na kuendelea. Ni mambo mazuri, lakini yalihitaji mifano.

Karatasi za Kifaransa tupu ni sehemu ya lawama hiyo hiyo. Nilitafsiri siku nne nzima, nikipoteza nusu ya yale niliyoyalipia, na sijutii, kwa sababu swali la mama wa Katuba lilikuwa na thamani kuliko majibu yangu yote. Lakini wangapi wenye maswali kama lake hawakuja kabisa, kwa kuogopa karatasi?

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Katika siku tano hakuna aliyefungua ukurasa mmoja wa pesa yetu wenyewe. Nchi hii ina mgawo wake ulioandikwa. Katiba ya 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa. Sheria ya madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2018 inaugawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni za madini hulipa kwa madini yanayochimbwa, hivi kwa asilimia: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mji, komini, sekta au shefa ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sisi tuko mkoa wa Haut-Katanga. Malori ya shaba tunayaona kila siku. Ile 15 ni pesa inayoingia kwa serikali ndogo moja kwa moja, kama ile ya Marekani ilivyoingia kwa miji mikubwa, na maswali ni yale yale: imepita mlango gani, imefungwa lini, imelipwa kwa nani, karatasi ya ukutani iko wapi.

Kijana wa komini ndiye aliyeliuliza, siku ya nne jioni. Aliuliza kwa adabu: "Muzee, tunaweza kuchukua zile safu tatu, ya kuingia, ya kufunga na ya kulipa, tukaziweka kwenye mrabaha?" Muzee alitaka kujibu, niliona. Msimamizi wa kituo, aliyekuwa mlangoni, akasema hilo litakuwa na mafunzo yake, na saa imekwenda. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini ukimfundisha mtu wa Lubumbashi siku tano jinsi Cleveland inavyotunza dola zake, halafu akakuuliza juu ya shaba ya kwao ukamwambia saa imekwenda, umemwachia mlango umefungwa nusu. Tulibaki kwenye ngazi sisi sita, tukachora safu tatu nyuma ya bahasha, kijana akatutajia namna komini yake inavyopokea taarifa ya mgawo. Nusu saa ile ilikuwa mafunzo, na haikuwa kwenye ratiba.

Chakula: bukari na sombe siku tatu, kuku siku mbili, cha kutosha, cha moto isipokuwa ile siku ya mikataba. Cheti kina kashe (muhuri) na saini, jina langu limeandikwa sawa. Ukumbi ni safi. Nauli yangu kutoka Ruashi na kurudi niliilipa mwenyewe, na ningependa tangazo liseme hivyo mapema, maana mmoja wa mama wa Katuba alikuwa akitembea jioni.

Kama unashika pesa ya chama, ya parokia, ya ushirika, ya komini, nenda. Siku ya tatu peke yake inafika dola 120. Chukua daftari lako la kweli, lile lenye makosa, siyo jipya, maana Muzee analipitia bila kumwaibisha mtu. Kama umesomea fedha za Serikali na hatua nne unazijua, siku mbili za kwanza zitakuwa nyepesi kwako na utaumizwa na siku ya tano. Waulize kwanza kama jenereta ina mafuta na kama wameongeza somo la mrabaha. Kama Kifaransa kinakupita, nenda na mtu wa kukutafsiria na ukae mbele, uliza kwa Kiswahili, utajibiwa kwa Kiswahili.

Jumatatu iliyofuata nilichora safu ya katikati kwenye daftari la kamati, kwa rula, kuanzia mwezi wa kwanza. Tuna dola 640 tulizokusanya wenyewe za kuanzia avenyu ya kwanza. Nilimwita fundi yule yule, chini ya mwembe ule ule. Alishangaa kuona karatasi, aliniuliza, "Mama, hauniamini tena?" Nilimsomea yote polepole, mita 85, bei, malipo mara mbili, tarehe kwa tarakimu na kwa maneno. Aliniomba nibadilishe siku ya kuanza kwa sababu ana msiba Kipushi. Niliibadilisha, nikaandika upya, tukatia saini, na mwenyekiti na mke wake wakawa mashahidi. Nakala moja aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati. Nyingine nimeibandika ukutani hapa penye bomba, juu ya bei ya bidoni.